Uzi: Gari la zamani limekataliwa ukaguzini kwa breki na kutu. Kazi ianzie wapi?

Mwenye Uzi

Ndugu zangu, salamu. Naleta jambo hili kwa kirefu kwa sababu nimeona mara nyingi mtu akiuliza kwa sentensi moja, akajibiwa kwa sentensi moja, na gari likabaki limeegeshwa mwaka mzima. Gari langu ni saluni ya mwaka 1997, lina diski mbele na drami nyuma, na nimelimiliki kwa miaka tisa. Juzi lilikataliwa ukaguzini. Karatasi niliyopewa inasema kwamba breki za mbele hazilingani, kwani gurudumu la kushoto linashika kwa nguvu ndogo kuliko la kulia; kwamba breki ya mkono haifikii kiwango; kwamba bomba la breki linalokwenda nyuma limeliwa na kutu; na kwamba kizingiti cha upande wa dereva, yaani lile boksi la bati linalopita chini ya milango, kina tundu karibu na mahali pa kuwekea jeki.

Mkaguzi alinionyesha mwenyewe. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga kizingiti kutoka mbele kuja nyuma. Mlio ulikuwa mkavu, wa bati zima, kisha ghafla ukafifia kama anayegonga gunia la mchanga, na magamba ya lami yakadondoka sakafuni yakiwa na kutu mgongoni. Nilikosa la kusema, maana rangi ile nyeusi ya lami niliipaka mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita nikiamini kwamba nalinda gari.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, baada ya kuisoma karatasi, alinishauri ninunue pedi na diski mpya za mbele, nikaze waya wa breki ya mkono, bomba nilisugue na kulipaka rangi, na kizingiti nikizibe kwa puti, ile plasta ya kuzibia mashimo kabla ya rangi. Alisema kazi yote ni ya siku moja. Sikuridhika, ingawa sikuweza kueleza kwa nini. Nina jeki, stendi za kuegemeza gari, spana za kutosha na subira. Sina mashine ya kuchomelea wala ujuzi wake. Naomba mnielekeze: nianze na lipi, na lipi kati ya haya nisiliguse mwenyewe?

Spana ya Pete

Ndugu Mwenye Uzi, pole, na umefanya vyema kutoridhika. Fundi wako amesoma karatasi, hajasoma gari. Karatasi ya ukaguzi inaeleza kilichoonekana siku ile juu ya rola, yaani mashine inayozungusha magurudumu na kupima nguvu ya breki, lakini haisemi kilisababishwa na nini. Gurudumu la kushoto kushika kidogo kunaweza kutokana na pistoni iliyoganda ndani ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), pini za kalipa zilizokauka, mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu) ulioziba kwa ndani, pedi zilizolowa grisi, au diski iliyoshikwa na kutu upande wa ndani ambao huuoni mpaka uinamie. Ukifunga pedi na diski mpya kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo, utarudi kwenye rola ukiwa na vipuri vipya na tofauti ileile.

Kuhusu mpangilio, kabla hujanunua hata nati moja, lala chini ya gari na bisibisi butu, uchokonoe kila mahali panapobeba uzito: vizingiti vyote viwili, mihimili ya chasi, mahali inapofungwa mikono ya sasipensheni na mahali inaposhika mikanda ya usalama. Ukikuta bisibisi inazama kwenye mihimili inayoshika sasipensheni, kaa kitako ujiulize kama gari hilo linastahili kuendelea. Ikiwa ni kizingiti tu, endelea. Hapo fungua breki na uzichunguze, lakini usifunge bomba jipya wala mpira mpya mpaka kazi ya kuchomelea iishe, kwa sababu cheche haichagui, na mpira wa breki uliounguzwa kidogo kwa nje unaweza kukaa miezi kadhaa kabla ya kupasuka.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiani. Dawa ya kupuliza ya kusafishia breki, ile yenye klorini, ikikutana na joto na mwanga mkali wa kuchomelea hutoa fosijeni, gesi ileile iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Kiasi kidogo kinaweza kuharibu mapafu, na madhara yake yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hivyo mtu hujiona mzima mpaka usiku. Kwa hiyo asubuhi usisafishe breki kwa dawa hiyo, na mchana ukachomelea hatua mbili kutoka hapo. Soma kopo: likitaja kloro popote katika jina la kemikali, liweke mbali na kazi ya bati.

Sasa kipimo cha gurudumu la kushoto. Nyanyua mbele, weka stendi, toa tairi. Mwombe mtu akanyage breki na kuiachia, kisha zungusha diski kwa mkono. Ikibaki imeshikwa, legeza nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo ulionaswa kwenye breki, robo mzunguko. Mafuta yakiruka na diski ikalegea papo hapo, presha ilikuwa imenaswa, na mshukiwa wa kwanza ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani ukawa unapitisha mafuta kwenda lakini hauyarudishi. Ukilegeza nipeli na diski bado imekamatwa, tatizo ni la pistoni au pini. Na ikiwa diski inazunguka huru lakini haishiki vizuri mtu anapokanyaga, tazama kama mafuta yanatoka kwa nguvu kwenye nipeli. Yakitoka kwa kusuasua, rudi tena kwenye mpira. Rudia yote upande wa kulia, maana huna namna ya kujua upande mbovu bila kuuona ule mzima.

Gurudumu la Akiba

Naomba nitofautiane kidogo na wakubwa. Mimi nimesugua mabomba ya breki kwa brashi ya waya na kuyapaka rangi kwenye magari matatu, na yote yalipita ukaguzi. Kutu ya juu juu si ugonjwa. Mkilazimisha watu kubadilisha bomba zima kwa sababu ya wekundu kidogo mtawatisha bure, hasa kwa kuwa bomba la nyuma hupita juu ya tangi la mafuta na kulifikia ni adhabu.

Spana ya Pete

Ndugu Gurudumu la Akiba, nusu ya maneno yako nayakubali. Wekundu unaofutika kwa kitambaa chenye mafuta, ukaacha chuma laini chini yake, si sababu ya kubadilisha bomba. Kipimo changu ni ukucha. Futa bomba, kisha pitisha ukucha polepole kwa urefu wake. Ukikwama kwenye mashimo, au ukiona magamba yanainuka, bomba hilo limekwisha. Bomba la kawaida la gari dogo lina upana wa milimita 4.75 kwa nje, na unene wa ukuta wake haufiki milimita moja. Kutu ikila kutoka nje hukuachia ukuta mwembamba usiopimika kwa jicho, na rangi ukiipaka juu yake inaongeza uzuri tu. Brashi ya waya nayo ina hila yake: wakati mwingine magamba ya kutu ndiyo yaliyokuwa yakizuia mafuta yasitoke.

Zaidi ya hayo, kutu mbaya haikai mahali unapopaona. Hukaa chini ya vibanio vya plastiki vinavyoshikilia bomba kwenye bodi, kwa kuwa hapo matope hujikusanya na unyevu haukauki. Mwenye Uzi, fungua kibanio kimoja tu karibu na gurudumu la nyuma, ubishi huu utaisha.

Mwenye Uzi

Nimerudi na majibu, na ubishi umekwisha kweli. Kibanio cha pili kutoka nyuma kilipofunguka, bomba lilitokwa na jasho. Sikuwa nimeligusa kwa chombo chochote. Tone moja la mafuta ya breki lilijitunga chini ya gamba la kutu, likaning'inia. Hilo ndilo bomba nililokuwa nimeshauriwa kulipaka rangi. Gari halisogei tena hapa lilipo.

Upande wa kushoto mbele nilifuata kipimo cha mzee Spana. Diski ilizunguka kwa uzito, nikalegeza nipeli, ikabaki vilevile. Nilipotoa kalipa niliona pini zinateleza vizuri, lakini pistoni haikutaka kurudi hata kwa kibanio cha mkono. Kabla sijakata mpira niliitoa kwa presha ya pedali yenyewe, nikiwa nimeweka kipande cha ubao mbele yake isiruke. Sasa naelewa kilichotokea. Raba ya vumbi inayozunguka mdomo wa silinda ilikuwa na mpasuko wa ukubwa wa nusu ukucha, upande wa chini, mahali ambapo huwezi kuuona gari likiwa limesimama. Maji yaliingia hapo. Sehemu ya pistoni iliyokuwa nje ya raba kuu ilikuwa na pete ya mashimo ya kutu, nyeusi na kavu, na sehemu iliyokuwa ndani ilikuwa inang'aa kama kioo.

Fikirini basi ningefuata ushauri wa kwanza. Pedi zilizolika huiacha pistoni ikiwa imetoka nje sana. Ukifunga pedi mpya nene, lazima uirudishe ndani, na kwa kuirudisha unaisukuma ile pete ya kutu ipite katikati ya raba kuu. Raba hiyo ina umbo la mraba ukiikata, na kazi yake si kuzuia mafuta peke yake: breki ikikanyagwa hujikunja kidogo pamoja na pistoni, ikiachiwa hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa unywele, ndiyo maana diski huachiwa. Raba iliyokwaruzwa na kutu haifanyi kazi hata moja kati ya hizo mbili. Pedi mpya zingelifanya gari langu kuwa baya zaidi kuliko lilivyokuwa ukaguzini.

Nimeagiza pistoni mpya na seti za raba za pande zote mbili, kwa kuwa sitaki upande mmoja uwe wa mwaka huu na mwingine wa 1997. Silinda zenyewe ziko safi. Diski nimezipima kwa maikromita. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechongwa kwenye kingo zake, na zangu zimebakiza milimita 0.4 tu juu ya hapo, kwa hiyo nazibadilisha pia, safari hii kwa sababu ninayoijua.

Swali langu sasa ni la kizingiti. Nimebandua lami yote na tundu limekuwa la ukubwa wa kiganja. Ndani nimekuta puti, na nyuma ya puti karatasi za gazeti zilizosokotwa. Sikuziweka mimi.

Mchomelea Bati

Kaka Mwenye Uzi, karibu kwenye upande wetu wa kazi. Magazeti si ajabu. Nimewahi kutoa povu la kujazia, magunia, na safari moja ubao uliopakwa rangi ya gari. Wote waliofanya hivyo walitaka kitu kimoja, mahali pa kuegemeza puti.

Kizingiti si pambo. Katika gari lisilo na chasi ya peke yake, bodi ndiyo chasi, na kizingiti ni mojawapo ya mihimili inayolizuia gari lisikunjike katikati na inayopokea kishindo ukigongwa ubavuni. Puti haibebi uzito wowote. Ndiyo maana mkaguzi anagonga, na ndiyo maana hata fundi wa rangi mwenye mkono mzuri hawezi kukusaidia hapa.

Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa, siyo mpaka ufike kwenye bati linalovumilika. Tundu la kiganja kwa kawaida huzaa kiraka cha mkono mzima, na usishangae. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, kwa hiyo ikiingia katikati ya mabati mawili yaliyoshikanishwa kwa nukta hujaa na kuyatanua, na yale maungio unayoyaona yamevimba upande wa nje tayari yameachana kwa ndani. Kabla ya kukata, funga na kufungua milango yote miwili ya upande huo, uangalie mianya yake, na upige picha. Gari liegemee sehemu nzima za bodi au sasipensheni, kamwe si karibu na kizingiti unachokikata, kwa sababu ukiondoa kipande kirefu bodi inaweza kulegea milimita chache, na ukichomelea hapo umelifunga gari katika ulemavu huo moja kwa moja. Picha na mianya ya milango ndivyo vitakavyokuambia kama limesogea.

Bati la nje la gari huwa la milimita 0.7 hadi 1; kwa kizingiti mimi hutumia la milimita 1.2, na sehemu ya kuwekea jeki naizidishia. Tumia mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya unaojilisha wenyewe, na waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8. Usivute mstari mrefu kwa mkupuo. Piga nukta moja huku, nyingine mwisho wa pili, kisha katikati, ukiacha bati lipoe kila mara, mpaka nukta zikutane. Ukikimbilia mstari mmoja bati litajikunja kama jani lililopitishwa motoni. Kwenye kingo ambazo kiwandani zilishikwa kwa nukta, toboa matundu kwenye bati la juu na uyajaze. Usibandike kiraka juu ya kutu. Nayasema haya ili ujue cha kumdai mtu atakayekufanyia, kwa kuwa umesema huna ujuzi, na kizingiti si mahali pa kujifunzia.

Kazi zako wewe ni hizi: toa betri au angalau tenganisha nyaya zake, toa kiti na zulia la upande huo, sogeza au ondoa bomba la petroli linalopita karibu, na mtu mmoja akae ndani ya gari na chombo cha kuzimia moto akitazama upande wa pili wa bati. Moto wa gari huanzia kwenye zulia ambalo mchomeleaji halioni. Avae barakoa inayofaa pia, maana bati lililopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa.

Baada ya kuchomelea huja praima, mastiki kwenye maungio, rangi, na mwisho nta ya kunyunyiza ndani ya boksi kwa mrija mrefu. Nta iingie baada ya moto wote kwisha, kwa sababu inawaka. Na tafadhali, mashimo ya kutolea maji yaliyo chini ya kizingiti yaache wazi. Ninakisia kwamba ile lami yako ya miaka mitatu iliyopita iliyaziba, na hapo ndipo ulipofunga maji ndani ya nyumba.

Mwenye Uzi

Dada Mchomelea Bati, umepiga penyewe. Nimetazama kipande kilichokatwa: mashimo mawili ya kutolea maji yamejaa lami yangu, yamefunikwa kwa ustadi mkubwa.

Mgeni wa Gereji

Naomba kuuliza wakubwa zangu, samahani kama swali ni la kitoto. Nimeambiwa mafuta ya breki ya daraja la DOT 5 ni bora kuliko ya DOT 4 kwa kuwa namba ni kubwa. Je, Mwenye Uzi akiwa anabadilisha bomba si atumie hiyo moja kwa moja?

Spana ya Pete

Si swali la kitoto, mwanangu; limewaangusha watu wazima. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja wa glaikoli. DOT 5 ni ya silikoni, na haichanganyiki na hizo nyingine. Namba zimefanana kwa bahati mbaya tu. Gari la Mwenye Uzi limeandikwa DOT 4 kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, kwa hiyo DOT 4 ndiyo itumike.

Kilicho muhimu zaidi ni umri wa mafuta hayo. Mafuta ya glaikoli hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 230 za selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Mteremko mrefu unaweza kuifikisha hapo. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kama hewa, na pedali huenda sakafuni. Maji hayohayo ndiyo huozesha silinda kutoka ndani, hivyo watengenezaji wengi hutaka mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni mwaka mzima usiitumie, hata kama imejaa. Na yakidondoka kwenye rangi ya gari yaoshe kwa maji mara moja, maana yanakula rangi.

Mwenye Uzi

Kizingiti kimekamilika, kimefanywa na mtu mwenye mkono, na milango inafunga kama kwenye picha. Sasa nieleze bomba, ambalo lilinichukua siku tatu.

Nati ya bomba kwenye mpira wa nyuma ilikuwa imegeuka donge. Nilikuwa na ile spana ya pete yenye mwanya wa kupitishia bomba, na bado iliteleza. Kilichoniokoa ni kukubali kwamba bomba la zamani ni la kutupa: nililikata kwa koleo karibu kabisa na nati, ndipo soketi ya pembe sita ikaweza kuivaa nati yote, na baada ya mafuta ya kupenya kukaa usiku mzima ilifunguka kwa mlio mmoja. Ili kikopo kisijimwage chote wakati bomba liko wazi, nilisukuma pedali chini kidogo na kuizuia kwa fimbo iliyoegemea kiti. Hapo pistoni za masta silinda, yaani pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali, huziba matundu ya kikopo na mafuta hutulia. Ni ujanja mdogo, lakini sakafu yangu inaushukuru.

Bomba jipya nimetumia la aloi ya shaba na nikeli, ambalo haliliwi na kutu na hukunjika kwa mkono bila kubonyea. Midomo niliitanua kwa kifaa cha kukodi. Hapa niwe mkweli: mdomo wa kwanza niliutanua vizuri sana, nikautazama kwa furaha, kisha nikaona nati iko mezani. Wa pili nilitanua kwa umbo lisilo lake, kwani gari langu linataka mdomo wa mviringo kama uyoga na siyo ule wa faneli iliyokunjwa mara mbili. Hata ungekaza vipi, lile la faneli haliketi kwenye tundu la uyoga. Kuna mtu alinishauri nikate na kuunganisha katikati kwa kiungio cha kubana, kile cha mabomba ya maji. Nilikataa, na naomba kila anayesoma hapa akatae pia. Presha ya breki ya gari dogo hupita baa 100 mguu ukikanyaga kwa nguvu.

Wakati wa kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba nilifanya kosa moja. Nilimwambia mwanangu akanyage pedali mpaka mwisho. Siku iliyofuata pedali ilikuwa ikishuka taratibu yenyewe mguu ukiwa juu yake, na hakuna tone lolote nje.

Spana ya Pete

Hiyo ni masta silinda, ndugu yangu, na kosa hilo tumelifanya wengi. Kwa miaka yote hiyo raba zake zilitembea sehemu ya kwanza tu ya silinda. Sehemu ya mwisho, isiyofikiwa, ilikuwa imejenga utando wa kutu na uchafu, na pedali ilipopelekwa sakafuni raba zilipita juu yake zikachanika. Sasa mafuta yanavuja ndani kwa ndani. Kwenye gari la zamani weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho. Badilisha masta silinda, itoe upepo ikiwa mezani kabla ya kuifunga, kisha fuata mpangilio wa magurudumu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kanuni ya kuanza na gurudumu la mbali haifai kwa kila mfumo.

Na breki ya mkono usiikaze kwa waya, kama ulivyoambiwa. Legeza waya kabisa kwanza. Ingia kwenye drami, safisha vumbi kwa kitambaa chenye maji, usilipulize, kwa kuwa viatu vya breki vya zamani, vile vinavyosukuma drami kwa ndani, vinaweza kuwa na asibesto. Hakikisha kirekebisho chenye meno kinazunguka, kitanue mpaka viatu vianze kugusa drami kwa mbali, funga, kanyaga breki ya mguu mara kadhaa vijikite katikati, na hapo ndipo urekebishe waya ili mpini wa breki ya mkono ushike kwa meno machache. Anayeanza na waya huinua vitako vya viatu kutoka mahali pake, na kirekebisho cha kujiendesha hakifanyi kazi tena.

Mwenye Uzi

Leo nimetoka ukaguzini mara ya pili. Masta silinda ilibadilishwa. Kwenye drami nilikuta kirekebisho cha kulia kimeganda kabisa, na silinda ya gurudumu hilo ilikuwa na unyevu chini ya kiraba chake, hivyo nilibadilisha zote mbili za nyuma pamoja na viatu. Baada ya kufunga pedi mpya nilizizoesha kwa kupunguza mwendo mara ishirini hivi kwenye barabara tupu, bila kusimama kabisa na bila kukanyaga kwa hasira, nikiacha nafasi ya kupoa kila baada ya mara chache.

Kwenye rola, magurudumu ya mbele yalipanda pamoja, mshale wa kushoto na wa kulia ukienda sambamba mpaka juu. Breki ya mkono ilishika magurudumu yote mawili kwa meno matano. Mkaguzi alikuwa yuleyule na nyundo ileile; aligonga kizingiti cha dereva mwanzo hadi mwisho, mlio haukubadilika, akatia saini.

Kisha akagonga kizingiti cha abiria, akarudia mara mbili mahali pamoja, akaandika chini ya karatasi kwamba kitazamwe kabla ya ukaguzi ujao. Nilipofika nyumbani nilichokonoa shimo la kutolea maji la upande huo kwa waya mpaka lami ikatoboka. Yakatoka maji mekundu karibu kikombe kizima. Dada Mchomelea Bati, naomba unitajie urefu wa mrija wa nta unaotumia, nataka kuona ndani kuna nini kabla sijakata chochote.